Kinga ya Bibi Haijachoka Tu, Inapiga Kelele

Tangu shule ya msingi umeambiwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Ni mfano mzuri, na sisi tunaoelezea sayansi tunaupenda. Ila ukifika kwenye ubongo wa mzee, mfano huu unapotosha, na kuna watu wanalipia upotoshaji huo kwa fedha zao.

Fikiria: askari akizeeka anachoka. Kwa hiyo ukisikia "kinga ya bibi imezeeka", akili inakimbilia kwenye kumwongezea nguvu. Ndiyo maana chupa za "kupandisha kinga" zinauzika kirahisi.

Kumbe kuzeeka kwa kinga ni mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni udhaifu wa kweli. Thaimasi, tezi ya kifuani inayokomaza chembe T, husinyaa kadiri umri unavyosonga, na chembe T mpya hupungua. La pili ni kelele: kinga hutoa kidogo kidogo, kila siku, kemikali za kuchochea inflamesheni hata pasipo na ugonjwa wa kupigana nao. Ni kama king'ora cha gari kinacholia usiku kucha na mwizi hayupo. Mwaka 2000 Mwitaliano Claudio Franceschi na wenzake waliipa hali hii jina linalounganisha inflamesheni na uzee.

Sasa ingia ndani ya ubongo. Kemikali hizo zikigusa ukuta wa mishipa midogo, ukuta huanza kuvuja, na protini za damu hupenya mahali zisipotakiwa. Ukuta huo pia unaweza kunenepa, na sehemu nyeupe ya ubongo, yenye nyaya za mawasiliano, ikakosa damu ya kutosha. Kwenye picha ya MRI huonekana mabaka meupe. Matokeo yake ni kiharusi kidogo, mwendo wa kusuasua, akili kuwa nzito, na hata demensia.

Hadithi imenoga, sivyo? Hapo ndipo nataka usimame kidogo.

Sehemu kubwa ya maelezo haya inatokana na panya wa maabara, wanaoishi kwenye vizimba visafi mno. Utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2016 ulionyesha kwamba kinga ya panya hao inafanana zaidi na ya mtoto mchanga kuliko ya mtu mzima. Tunamsoma bibi kupitia kichanga!

Halafu kuna Watsimane, wakulima na wawindaji wa Amazon nchini Bolivia. Miili yao ina inflamesheni nyingi kwa sababu ya maambukizi na minyoo. Lakini vipimo vya watu 746, vilivyochapishwa mwaka 2021, vilionyesha ubongo wao unasinyaa polepole kuliko wa watu wa Marekani na Ulaya. Kusinyaa kwa ubongo si kipimo cha moja kwa moja cha mishipa midogo, nakubali. Hata hivyo, inatosha kutuzuia kusema kwamba kelele ya kinga peke yake inaharibu ubongo.

Na dawa je? Mwaka 2024 jaribio la CONVINCE, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000 waliopata kiharusi au dalili zake za muda, lilijaribu kolchisini, dawa ya kutuliza inflamesheni. Tofauti iliyoonekana haikutosha kuthibitisha kwamba inazuia kiharusi kurudi. Jaribio hilo halikuhusu mishipa midogo peke yake, kwa hiyo mlango haujafungwa. Ila mtu anayekuuzia jibu leo anakuuzia kitu ambacho bado hakipo.

Kilichopo ni presha. Katika utafiti wa SPRINT MIND wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, kundi lililolenga kushusha presha ya juu chini ya 120 lilipata ongezeko dogo la mabaka meupe kuliko kundi lililolenga chini ya 140.

Kwa hiyo usitupe habari ya kinga, ni sayansi halali na inaendelea. Tupa mfano wa askari aliyechoka. Na bibi akikuonyesha chupa mpya ya kupandisha kinga, muulize kwanza: presha ulipima lini, na vidonge vyako bado unameza?