Kusadikika na Dhana ya Jamii Kamilifu: Tuanze na Jina

Wanafunzi wetu wa fasihi wakiulizwa jamii kamilifu inapatikana wapi katika riwaya ya Kiswahili, wengi hujibu bila kusita: katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Makala haya yanapinga jibu hilo. Yanadai kwamba ukamilifu katika riwaya hiyo haumo nchini Kusadikika, na kwamba tukilikosea jambo hili tunapoteza funzo linaloihusu Burundi moja kwa moja.

Asili ya dhana

Wazo lenyewe ni la kale. Plato alilijadili katika Jamhuri, karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika karne ya 10, mwanafalsafa Al-Farabi aliandika kuhusu mji wenye fadhila, neno ambalo Kiswahili kinalo hadi leo. Mwaka 1516 Mwingereza Thomas More alichapisha kwa Kilatini, mjini Louvain katika Ubelgiji ya leo, kitabu kuhusu kisiwa alichokiita Utopia. Jina hilo alilitunga kutokana na Kigiriki kwa maana ya "mahali pasipokuwapo", huku akichezea sauti yake lisikike pia kama "mahali pema". Tangu hapo dhana hii imebeba utata huo: ni mahali pema, ila hapapo.

Jina na kauli yake

Shaaban Robert alipita njia nyingine. Alichukua kitenzi "sadiki", chenye asili ya Kiarabu, akakitia kiambishi cha Kibantu -ik-. Kama tufundishavyo, kauli ya kutendeka huonyesha hali (kioo kimevunjika) au uwezekano (kitabu hiki kinasomeka). Mwanafunzi mwenye Kirundi hahitaji maelezo marefu hapa, kwani anayo "kuboneka". Basi Kusadikika ni nchi inayoweza kusadikiwa, kama Kufikirika, riwaya iliyochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo cha mwandishi, ilivyo nchi inayoweza kufikiriwa.

Hata hivyo, nchi yenyewe ina kasoro tele. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa sababu ya kutaka elimu ya sheria ienee. Wajumbe sita waliotumwa Mashariki, Kaskazini, Magharibi, Kusini, mbinguni na ardhini walirudi na habari za maisha bora, wakatupwa gerezani. Jamii kamilifu imo katika taarifa za wajumbe hao, nasi tunazisikia kwa kuwa tu mshtakiwa amepewa nafasi ya kujitetea.

Hapa ndipo penye udhaifu wa riwaya. Kauli ya kutendeka ina tabia ya kumficha mtenda: tukisema "mlango umefunguka", hatujui nani kaufungua. Vivyo hivyo, Kusadikika inasadikika na nani? Karama anazungumza, mfalme na baraza wanashawishika, wafungwa wanaachiwa. Wananchi wa kawaida, ambao sheria hiyo ni yao, karibu hawasikiki. Haki inashuka kutoka juu kama zawadi.

Kutoka -ik- hadi -ish-

Historia imetuonyesha hatari ya pengo hilo. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilichora jamii ya usawa, na wengi nchini Tanzania waliisadiki. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa nguvu. Kusadikika kukageuka kusadikisha. Euphrase Kezilahabi aliwapa wanakijiji hao sauti katika Gamba la Nyoka (1979), na ndiyo maana riwaya hizi mbili zafaa kusomwa pamoja.

Mjini Arusha huko huko, tarehe 28 Agosti 2000, Warundi walitia saini Mkataba wa Amani na Maridhiano, baada ya mazungumzo yaliyoongozwa na Nyerere hadi alipofariki mwaka 1999, kisha na Mandela. Itifaki zake zinazungumzia chanzo cha mgogoro, demokrasia, usalama na ujenzi wa nchi: nao ni maandishi juu ya jamii bora. Lakini makundi makuu yenye silaha hayakuwamo miongoni mwa watia saini, na vita viliendelea. Karatasi ilikuwa nzuri. Kusadikiwa kwake kulikuwa kazi nyingine, iliyohitaji watu wengi kuliko waliokaa mezani.

Pendekezo kwa walimu

Tuache kuuliza mtihanini, "Je, Kusadikika ni jamii kamilifu?" Tuulize: nani alitumwa, nani alifungwa, nani alisikilizwa, na wananchi walisema lini? Zoezi la sarufi laweza kutangulia: wanafunzi wakusanye vitenzi vya kauli ya kutendeka na vya kauli ya kutendesha katika sura moja ya riwaya, kisha mbele ya kila kimoja waandike mtenda ni nani. Penye nafasi tupu, hapo mjadala wa darasa uanzie.