Mitungi Miwili Iliyomshinda Fahali wa Mayoni

Fahali wetu wa Mayoni hakushindwa na pembe za mwenzake kwenye pambano la Jumamosi iliyopita. Alishindwa na mitungi miwili ya maji. Wanaosema alikosa moyo hawakumwona aliposhushwa kwenye kenta. Walifika wakati ngoma za isikuti zimeshapamba moto.

Tangu Ijumaa mchana alikuwa amenyimwa maji, kwa imani ile ile kwamba kiu humtia fahali hasira. Akasafirishwa alfajiri, akiwa mkavu, kutoka kwetu Mayoni, Matungu, hadi uwanjani upande wa Idakho. Pua ya ng'ombe mzima hulowa muda wote. Yake ilikuwa kavu. Mtunzaji alipoifinya ngozi ya shingo na kuiachilia, mkunjo ulibaki umesimama kabla ya kulala. Mfugaji yeyote anajua maana yake: mnyama huyu amepungukiwa na maji.

Hapo palikuwa na uamuzi mmoja wa busara: kumtoa kwenye pambano la mapema, kumpa maji kidogo kidogo kivulini, na ikibidi kurudi naye nyumbani. Mwenye fahali akaamuru kinyume. Mtungi wa lita 20 ukamiminwa kwenye karai, fahali akafyonza wote. Ukaja wa pili, nao ukaisha. Kisha, kabla hajapumua vizuri, akasukumwa uwanjani.

Lita 40 ni kilo 40, na zote huteremka kwenye tumbo kubwa lililo ubavu wa kushoto. Tumbo hilo likijaa ghafla husukuma kiwambo kinachotenga tumbo na mapafu. Kumbuka fahali wetu hapigani kwa mbio. Anapigana kwa kusukuma, shingo chini, miguu ya nyuma imejikita, na msukumo huo unadai pumzi. Mwanzo alisukuma vizuri, hata akamrudisha mwenzake hatua kadhaa. Halafu tukaona ulimi nje, ubavu wa kushoto umetutumka, povu mdomoni. Alipogeuka kukimbia, wengine walimzomea. Wa kuzomewa alikuwa aliyeamuru karai lijazwe.

Kwato, pembe na mazoezi ya shingo vilikuwa safi. Sina la kusema.

Lakini kuhusu chakula, nimeandika na nitaendelea kuandika. Kumpa unga wa mahindi usiku wa kuamkia pambano ng'ombe aliyezoea nyasi ni kumtilia asidi tumboni. Wanga mwingi wa ghafla huchacha, hamu ya kula hupotea, na kwato zinaweza kuuma hata siku zinazofuata. Kuhusu chang'aa anayonyweshwa, haimwongezei fahali ushujaa, humwongezea mkojo. Na kwetu Mayoni, palipozungukwa na miwa, tumejidanganya kwamba vilele vya miwa vinatosha. Vinashibisha, ila protini yake ni haba. Changanya na nyasi changa za nepia na majani ya kaliandra, weka na jiwe la chumvi la kulamba.

Wazee wa Isukha na Idakho hawakuhitaji kuelezwa hayo. Fahali wao walitembea kwa miguu hadi Malinya au Khayega, wakanywa kwenye kila kijito walichovuka, wakalala wakitafuna nyasi mbichi ambazo kwa uzito karibu sehemu nne kati ya tano ni maji. Walifika wakicheua. Siku hizi tajiri ananunua fahali, anampakia garini, halafu anamfundisha kazi mtu aliyezaliwa zizini.

Hata wenzetu wa farasi wametupita, ilhali mnyama wao ni mgumu zaidi kumtunza. Tumbo la farasi ni dogo, lita 15 hivi zikizidi, hawezi kutapika, na mbio kwenye joto humtoa jasho la lita 10 na zaidi kwa saa moja. Kwa hiyo humlisha kidogo kidogo mara nyingi, nyasi kwanza nafaka baadaye, na maji hayakauki mbele yake. Nao walikuwa na imani zao: kwamba farasi aliyepata joto akimwagiwa maji baridi misuli itaharibika. Joto la Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 likawatisha, watafiti wakapima, na kufikia Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 farasi walikuwa wakimwagiwa maji ya barafu hadharani. Imani ilipimwa, ikaanguka. Yetu ya kiu na hasira tunaogopa kuipima kwa sababu eti ni ya mababu, ilhali mababu wenyewe walinywesha njiani.

Marudiano yakija, maji yakae zizini usiku kucha, anywe apendavyo, kisha karai liondolewe saa mbili kabla ya kuingia uwanjani. Mwenye fahali alipe kenta na akae pembeni. Karai la pili lilipokuwa likija, mtunzaji alitikisa kichwa na kusema, "Mzee, hayo yanatosha." Alijibiwa kwamba yeye ni mwajiriwa. Basi huyo mwajiriwa apewe uamuzi, la sivyo tusijisumbue kwenda.