Jiwe na Neno: Namna ya Kuusoma Muhuri wa Kichina

Mkusanyaji akiushika muhuri wa kale wa Uchina, aghalabu huanza kuutazama juu, penye simba au joka la kishikio. Kisha hulipapasa jiwe apime wororo na rangi yake. Uso, penye maneno, huja mwisho. Mpangilio huo wafaa upingwe, kwani muhuri ni maandishi kabla haujawa pambo, na asiyeusoma amenunua nusu yake.

Hapo kale mihuri ilikuwa kazi ya mafundi wa shaba na vito vigumu. Msomi aliandika, fundi akachonga. Mambo yaligeuka katika enzi ya Ming, pale Wen Peng (1498–1573) alipoyapa umaarufu mawe laini ya Qingtian. Jiwe laini lilikubali kisu kidogo cha chuma, na mshairi akaweza kuchonga kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ikashamiri mihuri isiyotaja jina wala cheo, bali iliyobeba wasia, dua ama mshororo wa shairi.

Maneno huchongwa kinyumenyume, ili yakigongwa karatasini kwa wino mzito wa madini ya zingefuri yasomeke sawasawa. Mchongaji akiondoa jiwe linalozunguka herufi, herufi hutoka nyekundu. Akizichimba herufi zenyewe, hutoka nyeupe ndani ya uwanja mwekundu. Mara nyingi uwanja wote hauzidi upana wa vidole viwili, na humo herufi nne hazina budi zikae, kila moja ikimwachia jirani yake nafasi ya kupumua. Mtunzi aliyezoea kubanwa na mizani na vina atatambua kwamba ufinyu huo ndio unaozaa ufundi.

Mfano bora ni muhuri alioutengeneza Zhao Zhiqian (1829–1884) mwaka 1864. Miaka miwili kabla, katika machafuko ya vita vya Taiping, mkewe na binti yake walifariki naye yuko mbali. Usoni alichonga herufi nne tu, zinazosema juu ya kujilisha maandiko matakatifu ili kuulea umri. Ubavuni, hata hivyo, alichonga sanamu ya Kibuddha pamoja na maombi kwa ajili ya marehemu wake wawili, kwa herufi zilizotokeza nje, akifuata mtindo wa sanamu za mawe za enzi ya Wei ya Kaskazini. Alama iliyogongwa karatasini haimwonyeshi mtu msiba huo. Sharti jiwe ligeuzwe. Hapo jiwe na neno havitengani tena.

Soko huvitenganisha. Jiwe la manjano liitwalo tianhuang, lifukuliwalo katika mashamba ya mpunga ya Shoushan, mkoani Fujian, lilisifiwa kuwa na thamani kupita uzito wake wa dhahabu. Mnamo Disemba 2016, mjini Paris, muhuri wa mfalme Qianlong uliuzwa mnadani kwa yuro milioni 21. Hapo mnunuzi alilipia na kiti cha enzi. Uzuri wa jiwe si wa kubeza, wala fahari ya mwenyewe. Hasara kubwa huletwa na kinoo: mmiliki mpya husugua uso wa zamani ili achongeshe jina lake. Jiwe hupungua unene kidogo tu, na pengine bei isishuke, lakini maneno yamekwisha wala hayarudi.

Jumuiya ya Xiling, iliyoasisiwa Hangzhou mwaka 1904, imeulea ustadi wa kuchonga, na UNESCO ikauorodhesha katika turathi za binadamu mwaka 2009. Kilichokwisha kuchongwa, hata hivyo, mlinzi wake wa kwanza ni yule anayekimiliki. Na aanze kwa kuusoma uso, kisha augeuze ubavu, ndipo alisifu jiwe.