Siku za Saa 25: Kushona Katikati ya Atlantiki

Saa ishirini na tano! Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba duniani kuna mahali ambapo siku hurefushwa kwa faida ya mwenye sindano. Tumeondoka Southampton kwa meli ya Queen Mary 2, tukielekea New York, na tangazo linakuja kwamba usiku huu saa zitarudishwa nyuma. Halafu tena, na tena, mpaka zitimie saa tano, kwa kuwa New York iko nyuma ya Uingereza kwa saa tano na meli haiendi kwa pupa ya ndege. Ukiamka unakuta umepewa saa moja ambayo hukuiomba. Saa hiyo haina foleni, haina simu ya ofisini, haina mtu wa kugonga geti. Nyumbani nimezoea kushona kwa kuibaiba dakika, sufuria ikiwa jikoni. Huku dakika zinagawiwa bure!

Niseme mapema ili asiyekuwa na muda wa kusoma mpaka mwisho aondoke na neno hili: ukipenda kazi ya mkono, iwe mfarishi wa vipande vya kitenge, iwe kufuma, iwe kutarizi, basi safari ndefu ya bahari isiyo na vituo ndiyo karakana bora kuliko zote nilizowahi kukalia. Na nasisitiza isiyo na vituo. Wengi wakisikia meli ya abiria hufikiria bandari, leo kisiwa, kesho mji, kesho kutwa maduka. Mshonaji hiyo haimfai. Meli ikitia nanga watu hushuka, na kazi hubaki kabatini imekunjwa. Kuvuka Atlantiki kwa usiku saba ni jambo jingine kabisa. Asubuhi maji, mchana maji, jioni maji, na mshono wako unasonga.

Meli yenyewe inastahili sifa zake. Ina urefu wa mita 345, ilianza kazi mwaka 2004, na iliundwa makusudi kuikabili Atlantiki ya Kaskazini, si kuzungukazunguka kwenye maji ya joto tu. Maktaba yake ina maelfu ya vitabu, na kuna sitaha ya kutembea inayoizunguka meli nzima, ambayo ni dawa ya mgongo uliokaa muda mrefu juu ya kitambaa. Lakini mimi nilitafuta kiti. Nilipita sebule moja baada ya nyingine nikipima mwanga kwa kunyanyua kitambaa cheupe mbele ya dirisha, mhudumu mmoja akidhani nimepotea. Siri niliyoipata ni hii: katikati ya meli, sitaha za chini, karibu na dirisha. Huko meli hutikisika kidogo kuliko mbele au nyuma, na mwanga wa bahari unaingia kutoka ubavuni, mweupe, mpana, usio na kivuli cha jengo wala mti. Nyekundu ya kanga na nyekundu ya kitenge, ambazo chini ya taa ya nyumbani huonekana ndugu, pale dirishani kila moja inajitaja.

Nilikuwa na shangazi yangu, mzaliwa wa Unguja aliyeishi London miaka mingi. Tulikuwa tunakwenda harusini, na yeye alikuwa anashona kofia ya bwana harusi. Kofia ya vito! Anayeijua kazi hii anajua uzito wake: duara la juu, ukanda wa pembeni, na vitundu vidogo, ndivyo vito vyenyewe, vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, safu kwa safu, mpaka kichwa kizima kiwe nakshi. Ni kazi ya miezi. Alikuwa ameianza zamani, na safari hii ndiyo ilikuwa ya kuimalizia.

"Shangazi, humu utashonaje meli ikiyumba?" nilimwuliza siku ya kwanza.

"Mwanangu, mababu zako walishona matanga jahazi likiwa linakwenda," alinijibu. "Kaa kitako, tia uzi."

Na kweli mabaharia ni washonaji wa kale. Tanga likipasuka katikati ya safari hakuna fundi wa kuitwa, sharti mkono uliopo chomboni uweze. Mabaharia wa Uingereza wa karne ya 19 walikwenda mbali zaidi. Katika saa zao za mapumziko walitarizi picha za meli zao kwa nyuzi za sufu, milingoti yote, kamba zote, bendera zote, na nyingine zimehifadhiwa mpaka leo kwenye majumba ya makumbusho. Wanaume wenye viganja vilivyokakamaa kwa kuvuta kamba! Anayefikiri kazi hii ni ya kujazia muda wa wanawake azitazame picha zile.

Kuna meza. Kila safari ndefu ina meza yake, na hujijenga yenyewe. Siku ya kwanza ni mtu mmoja mwenye mpira wa sufu, na anayepita akaona sindano huvuta kiti. Yetu ilikuwa na mzee Mskoti aliyekuwa akifuma soksi bila kutazama mikono yake, wasichana wawili wa kutarizi kwa mishono ya msalaba, na mama mmoja Mjapani aliyepiga bandi kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cha nili, mishono yake imelingana kana kwamba imepigwa rula. Shangazi alipotandika kofia yake mezani mazungumzo yalikatika. Wakainama wote. Mama mmoja wa Kimarekani akauliza bei, akajibiwa kwa upole kwamba ya bwana harusi haiuzwi, kisha akafundishwa kuzungusha uzi kwenye kitundu kimoja juu ya kipande cha kujifunzia. Alishinda nacho mpaka chakula cha mchana.

Mama huyo alitoka Alabama, na ndiye aliyetuletea habari za Gee's Bend. Ni kijiji ndani ya kona ya Mto Alabama, ambako wanawake Weusi, wengi wao wa uzao wa waliokuwa watumwa katika mashamba ya pamba ya hapohapo, wameshona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa, magunia, na chochote kilichobaki. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa Houston na kisha katika jumba la Whitney jijini New York, na mwaka 2006 Posta ya Marekani ikaitolea stempu. Alitueleza huku akichora kwa kidole juu ya meza jinsi mistari yao isivyonyooka, jinsi rangi inavyokatizwa pale ambapo jicho halikutarajia. Sijawahi kupata somo la sanaa kama lile.

Sasa kazi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimechagua vipande vya pembe sita vinavyoshonwa juu ya karatasi, na nasema bila kusita kwamba hakuna mtindo unaoifaa bahari kuliko huu. Unakata karatasi ya pembe sita, unaikunjia kitambaa pembeni, unaishikiza kwa bandi, halafu unaunga kipande kwa kipande kwa mishono midogo ya ukingoni mpaka yatokee maua. Hauhitaji meza, cherehani wala pasi. Hilo la pasi ni muhimu, maana pasi haziruhusiwi vyumbani kwa hofu ya moto. Kitenge kina ukakamavu wake, ukikikunja na kukipitishia ukucha kinashika kama kilichopigwa pasi. Kanga ni laini zaidi na huteleza, lakini ikishashikizwa kwenye karatasi hutulia. Nilikata pindo na mji, majina ya kanga nikayaacha mazima kwa ajili ya upande wa nyuma.

Na karatasi! Kila jioni chumbani huletwa ratiba ya siku inayofuata, imechapishwa vizuri, karatasi yake nzito kiasi. Ya jana nilikuwa naikata pembe sita. Washonaji wa zamani walitumia barua, madaftari na magazeti kwa njia hiyohiyo, na mifarishi iliyoachwa bila kumalizika, karatasi zikiwa bado ndani, imewasaidia watafiti kujua ilishonwa lini. Basi ndani ya maua yangu kuna saa za machweo ya Atlantiki, jina la filamu ya usiku ule, na mavazi tuliyoombwa kuvaa kwa chakula cha jioni. Baadhi ya karatasi hizo sitazitoa kamwe.

Lakini mfarishi ulionitawala akili safari nzima sikuwa nao mkononi. Uko Canberra, katika Jumba la Taifa la Sanaa la Australia, na unaitwa Rajah kwa jina la meli uliposhonewa. Aprili 1841 meli hiyo iliondoka Woolwich, Uingereza, ikiwa na wafungwa wanawake 180 waliohukumiwa kupelekwa Hobart, katika kisiwa ambacho leo ni Tasmania. Chama cha kuwasaidia wafungwa wanawake, kilichoanzishwa na Elizabeth Fry, kiliwapa sindano, nyuzi, pini, mikasi, subana na vipande vya vitambaa. Julai walipofika Hobart, zaidi ya siku 100 baadaye, walikuwa na mfarishi wa zaidi ya mita tatu kila upande, vipande 2,815, katikati ndege na maua, pembeni safu juu ya safu, na maandishi ya kuwashukuru mabibi wa chama. Kisha ukapotea machoni pa watu mpaka ulipopatikana Scotland katika miaka ya 1980.

Wanawake hao hawakuwa kwenye starehe. Walikuwa chini ya sitaha, wametenganishwa na kila walichokijua, wengi kwa kosa la wizi mdogo, na tumaini lao la kurudi lilikuwa dogo. Nisingethubutu kulinganisha kiti changu cha mto na hali yao. Hata hivyo kila nilipochoka nilijiuliza: vipande 2,815, mawimbi ya bahari ya kusini, mwanga wa kubahatisha, waliwezaje? Mishono ya mfarishi ule hailingani. Mingine ni ya fundi, mingine ni ya mtu aliyeshika sindano mara ya kwanza, na imekaa bega kwa bega. Ningevuka bahari nyingine kwenda kuuona tu.

Mambo ya vitendo, haraka. Soma masharti ya kampuni ya meli kuhusu urefu wa mkasi kabla ya kufunga sanduku. Kisu cha gurudumu kiache nyumbani, kata kila kitu kabla. Tia nyuzi sindano kumi asubuhi bahari ikiwa imetulia, maana kutia uzi meli ikipanda na kushuka ni adhabu, ilhali kushona kwenyewe kunaendelea vizuri. Taa za chumbani zimewekwa za kupendeza macho, si za kushonea, kwa hiyo beba taa ndogo ya kubana kwenye kitabu. Sumaku ya kushikia pini ni lazima! Kichefuchefu kikianza, inua macho utazame mstari wa upeo, na siku hiyo shona mishono mirefu ya kunyooka ambayo vidole vinaijua. Na chai ya alasiri, yenye muziki wa nyuzi na wahudumu wa glavu nyeupe, iheshimu: weka kazi ndani ya mfuko. Jamu na kofia nyeupe havikai meza moja.

Ziko pia safari zinazoandaliwa kwa washonaji peke yao, zenye walimu, ukumbi mzima wa cherehani na pasi zinazosimamiwa. Anayetaka kujifunza mtindo mpya kwa wiki moja atazifurahia. Mimi ningechagua mkono tena, kwa sababu ukumbi wa cherehani unakufungia ndani na ngurumo yake, na Atlantiki inapita nje bila kutazamwa. Siku ya ukungu honi ya meli ilikuwa ikilia kila baada ya muda, sauti nzito inayopita mpaka kifuani. Mojawapo ya honi za meli hii ilikuwa ya Queen Mary ya kwanza, ile ya miaka ya 1930. Meza nzima tulinyamaza tukaisikiliza, sindano zikaendelea.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango yachukuliwe, kwa hiyo kazi yako usiifungie humo, ibaki nawe. Alfajiri meli inapita chini ya daraja la Verrazzano, bomba lake likikaribia kugusa chuma, na kila aliyeamka hukimbilia juu na kamera. Nilimkuta shangazi kwenye kiti chetu cha dirishani, amevaa tayari, mkoba miguuni.

"Shangazi, daraja! Twende!"

"Nenda ukalitazame, mwanangu. Mie nimebakiwa na vito vitatu."

Nilikwenda, nikalitazama, nikashuka mbio kumshikia mwanga.