Nani Anajua, Nani Hajui: Ufundi wa Visasili vya Maarifa Yaliyokatazwa

Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa karibu mwaka 700 KK, ndiye aliyetuachia kisa cha Pandora cha kale kuliko vyote tulivyonavyo. Mungu mhunzi Hephaestus anamfinyanga mwanamke kwa udongo na maji, Athena anamvika, Hermes anamtia ulaghai, kisha anapelekwa kwa Epimetheus kama zawadi. Mwanamke huyo anafunua mtungi, na maradhi na taabu zinatapakaa duniani. Tumaini peke yake linabaki ndani.

Msomaji akirudia beti hizo akitafuta mahali Pandora alipoonywa asifunue mtungi, atatoka mikono mitupu. Hesiod hataji onyo lolote kwake kuhusu mtungi, wala hasemi kwamba mwanamke huyo alikuwa na hamu ya kujua kilichomo. Katazo na udadisi, vitu viwili ambavyo leo vinahesabiwa kuwa kiini cha hadithi, vilitiwa na wasimulizi waliokuja baadaye. Pengo hilo linatuonyesha namna fasihi ya maarifa yaliyokatazwa ilivyojengwa hatua kwa hatua: kila mwandishi aliyeigusa alipanga upya nani katika hadithi anajua siri, nani hajui, na atajulishwa lini.

Kwa Hesiod mpango huo ni mwepesi. Prometheus wake, nduguye Epimetheus, ni mjanja wa aina ya Sungura wa ngano zetu. Anamgawia Zeus, mkuu wa miungu, mifupa iliyofunikwa mafuta ya kupendeza, nyama nzuri anaificha ndani ya tumbo la ng'ombe. Zeus anawanyima binadamu moto, naye Prometheus anauiba na kuuficha ndani ya bua lenye uwazi. Ujanja unajibiwa kwa ujanja, na Pandora ndiye kisasi. Maarifa yenyewe bado hayana uzito mkubwa. Kinachoshindaniwa ni kitoweo na moto.

Mabadiliko makubwa yanakuja na tamthilia ya Prometheus Aliyefungwa, ambayo kwa mapokeo imehesabiwa kuwa ya Aeschylus, ingawa wataalamu wanabishana kuhusu mtunzi wake. Mwandishi alijiwekea mtihani mgumu, kwa kuwa mhusika mkuu anapigiliwa kwenye mwamba katika onyesho la kwanza na hasogei tena hadi mwisho. Mchezo utaendaje mbele iwapo shujaa hawezi hata kunyanyua mkono?

Ufumbuzi wake ni siri. Prometheus anajua ndoa ipi itamzalia Zeus mtoto mwenye nguvu kuliko baba yake, na hamtaji mwanamke huyo. Wageni wanapita mmoja mmoja, kila mmoja akimtoa maneno kidogo, mpaka Hermes anafika kudai jibu lote kwa vitisho. Mtawala mwenye radi anajikuta akimhitaji mfungwa wake. Kwa upande mwingine, moto wa Hesiod umepanuliwa ukawa orodha ya elimu nzima: hesabu, maandishi, tiba, ubaharia, uchimbaji wa madini na kupiga ramli.

Katika orodha hiyo kuna jambo ambalo ni rahisi kupitwa nalo. Prometheus anaiambia korasi kwamba aliwaondolea binadamu uwezo wa kuona mauti yao mapema, akawapa matumaini yasiyoona. Yaani mwizi wa maarifa naye aliwafungia watu mlango mmoja, na alifanya hivyo kwa huruma. Kwa sababu hiyo tamthilia hii haisomeki vyema kama ugomvi wa mwerevu na dikteta tu.

Katika karne ya 5 KK, Sophocles aliugeuza mpango juu chini katika Mfalme Oedipus. Hadhira ya Athens ilikijua kisa kabla ya kuketi: mfalme amemuua baba yake na kumwoa mama yake. Asiyejua ni mwenyewe, na ndiye anayeendesha uchunguzi. Kila mwenye habari anataka kunyamaza. Mwaguzi Tiresias anakataa kusema, na akishachokozwa anatamka ukweli wote mapema kabisa, lakini hakuna jukwaani anayemwamini. Jocasta anang'amua kabla ya mumewe na kumsihi aache kuuliza. Mchungaji mzee anafunguliwa mdomo kwa vitisho. Taharuki haitokani na swali la nani muuaji. Watazamaji wanangoja kuona ni swali lipi litakalommaliza anayeuliza.

Aristotle alivutiwa na kipengele kimoja cha msuko huo: mjumbe kutoka Korintho anakuja kumtuliza Oedipus, na maneno yake ya kumtuliza ndiyo yanayofichua asili yake.

Ola Rotimi wa Nigeria aliuelewa ufundi huu vizuri. Alipokihamishia kisa hicho kwa Wayoruba, katika tamthilia iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1968 ikiwa na mfalme aitwaye Odewale, hakuweza kutegemea kwamba watazamaji wake wangekuja wakikijua. Hivyo akatanguliza sehemu inayosimulia utabiri waziwazi. Aliwapa hadhira yake ile elimu ambayo Waathens waliingia nayo ukumbini, ndipo kinaya kikafanya kazi.

Anayeliweka katazo mbele kabisa ni Mwafrika wa Kaskazini. Apuleius, mzaliwa wa Madauros katika Algeria ya leo, aliandika kwa Kilatini katika karne ya 2 BK riwaya ya Punda wa Dhahabu. Lucius, kwa uchu wa kujua uchawi, anajipaka dawa isiyo yake na kugeuka punda. Akiwa katika pango la majambazi anamsikia kikongwe akimsimulia msichana aliyetekwa kisa cha Psyche, aliyekatazwa kumwona mumewe, akawasha taa, akampoteza. Baadaye Psyche anatumwa kuzimu kuleta kisanduku, anaonywa asikifunue, anakifunua, na usingizi mzito unamwangusha. Hapo ndipo lipo lile onyo ambalo Hesiod hakuliandika.

Kejeli ya Apuleius imo katika msikilizaji. Punda anayeadhibiwa kwa udadisi anasikia kisa cha udadisi unaoadhibiwa, na anachosikitikia ni kwamba hana kalamu ya kukiandikia. Mwandishi alikuwa na sababu ya kuyacheka mambo haya: yeye mwenyewe aliwahi kushtakiwa huko Sabratha, katika Libya ya leo, kwa madai kwamba alimpata mjane tajiri kwa uchawi.

Mary Shelley aliyachukua yote hayo. Alianza Frankenstein mwaka 1816 kando ya Ziwa Geneva, akiwa na umri wa miaka 18, na kitabu kikatoka London mwaka 1818 bila jina lake, kikiwa na jina dogo la Prometheus wa Kisasa. Hadithi imewekwa ndani ya hadithi: nahodha Walton anamwandikia dada yake, ndani ya barua zake anazungumza Victor Frankenstein, aliyeunda kiumbe hai, na ndani ya maneno ya Victor kinazungumza kiumbe hicho. Walton anataka kujua kiumbe kiliundwaje, Victor anakataa katakata kumwambia. Msomaji ananyimwa pamoja naye. Hata moto haukuibwa. Kiumbe kinaukuta msituni, umeachwa na ombaomba, kinafurahia joto, kinatia mkono na kuungua.

Filamu ya James Whale ya mwaka 1931 ililazimika kuonyesha mitambo na radi mahali ambapo riwaya imenyamaza. Maabara ile imebaki akilini mwa watu wengi, lakini siri imepotea, na pamoja nayo hofu ya Victor kwamba Walton naye angejaribu.

Visasili hivi, basi, vimedumu zaidi kwa ufundi wa kuficha kuliko kwa onyo lao. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulipima dai hilo bila kwenda mbali. Samuel Mushi alitafsiri kazi ya Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode, ikachapishwa mwaka 1971. Aisome akiwa na penseli, na katika kila ukurasa aandike pembeni nani tayari anajua.