Mizani na Mkazo katika Sifa ya Kuungana

Wako wahakiki wahesabuo mizani kwa jicho. Hesabu hiyo huwadhulumu watunzi, wala haifai kunyamaziwa.

Nilipokuwa kijana Kigombe, katika pwani iliyo kati ya Tanga na Pangani, nilitunga mshororo huu wa utenzi: "Mpendahaki hachoki." Msahihishaji mmoja aliona mizani saba, akaongeza neno: "Mpendahaki ye hachoki." Bibi yangu alipoughani, ulimi ulijikwaa. Hakuwa amesoma sheria yoyote ya ushairi, lakini sikio lake lilitambua kuwa mizani zimezidi.

Kosa lilikuwa wapi? M ya mwanzo, ionyeshayo mtu, hutamkwa peke yake: m-pe-nda-ha-ki, tano, ha-cho-ki, tatu, jumla nane. Jicho liliigandamiza m kwenye p, likapoteza moja. Hata hivyo, si kila m ni mizani. Mbuni, yule ndege mkubwa asiyeruka, ana mizani mbili, mbu-ni; mbuni, mti uzaao kahawa, una tatu, m-bu-ni. Herufi ni zile zile. Mwamuzi ni sikio. Jina la Kigombe lenyewe ni mizani tatu, kwa kuwa m na b humo hutoka kwa pamoja.

Na mkazo je? "Mpenda haki," maneno yakitengana, yana mikazo miwili: juu ya pe na juu ya ha. Yakiungana kuwa sifa moja, ule wa kwanza hufifia, wa pili husimama, maana Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndivyo mwana na nchi yaungapo: mkazo wa mwananchi hukaa juu ya n. Katika Kiingereza, sifa ya kuungana huweza kukazwa hivi ikitangulia jina, na vingine ikilifuata. Kipimo hicho si chetu.

Basi nasema: kuungana huliondolea neno mkazo, hakuliondolei mizani. Asiyezitenga hesabu hizi mbili atasahihisha palipo sahihi.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, alisisitiza kuwa shairi ni wimbo. Mhakiki na aughani mshororo kwanza, ndipo ashike kalamu.