Jemmy Mezani, Mtaimbo Kotini: Msimu wa Wezi katika Oliver Twist

Etimolojia ya neno jemmy haina utata mkubwa. Ni jina la kudekeza litokanalo na James, ambalo wezi wa Uingereza waliupachika mtaimbo mfupi wa kubandulia milango; Marekani likawa jimmy. Katika kamusi ya misimu ya Francis Grose ya 1785, Bess na Betty nayo ni majina ya zana ya kuvunjia nyumba. Mwizi, kumbe, huita zana zake kama aitavyo jamaa zake. Lakini anayeishia hapo hajaifikia kazi ya neno hili katika matini.

Katika sura ya 20 ya Oliver Twist (1837–1839), Nancy anaandaa vichwa vya kondoo kwa chakula cha usiku. Msimulizi anatuarifu kuwa Sikes alitania sana, kwa kuwa vichwa hivyo na kifaa fulani cha ustadi kitumikacho katika taaluma yake vina lakabu moja: jemmy. Utani wenyewe hatusimuliwi. Sikes amenyang'anywa kauli, na nafasi yake imechukuliwa na tafsida ya msimulizi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kitovu cha kinaya: wizi umevikwa joho la taaluma mbele ya mtoto ambaye bado hajui ameletwa kufanya nini. Katika sura ya 22 tafsida inavuliwa. Toby Crackit anafunga mtaimbo mdogo ndani ya koti lake, na safari hii msimulizi anautaja kwa jina lake la kawaida. Muda si mrefu Oliver anapenyezwa dirishani, naye akiwa kifaa kama vifaa vingine.

Mfasiri wa Kiswahili atashawishika kuandika “mtaimbo” tangu sura ya 20, au kuhangaika kubuni mchezo wa maneno utakaolingana na ule wa Kiingereza. Njia zote mbili zinapotosha. Mchezo wa maneno haumo. Kilichomo ni taarifa tu kwamba ulikuwapo, na taarifa hiyo inajieleza. Jemmy libaki lilivyo, tena bila tanbihi. Akiandika mtaimbo mapema, atakuwa ametaja kile ambacho msimulizi anakizungukazunguka kwa adabu ya uongo, na sura ya 22 haitakuwa na cha kufichua. Neno linalostahili kumkosesha usingizi ni “taaluma”. Akilibadilisha kuwa “kazi” au, vibaya zaidi, “wizi”, kejeli yote imekwenda.